Kimya Hakiandikwi

Wapo watu wanaokoroma, wapo wanaosaga meno. Shangazi yangu, Bi Mardhiya, akilala mchana huahirisha Bunge.

Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa barazani nasahihisha madaftari ya wanafunzi, saa nane na nusu, joto limetanda kijiji chetu kizima cha Pujini, Pemba, hata kuku wamejilaza. Yeye alikuwa ndani, dirisha wazi, kanga imemfunika uso. Ghafla akasema kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka yake: "Waheshimiwa Wabunge, naahirisha shughuli za Bunge hadi kesho, saa tatu kamili asubuhi." Kisha akageukia ukuta. Nilicheka mpaka kalamu nyekundu ikanianguka.

Alipoamka nikamwambia. Hakucheka. Aliuliza tu, "Nimesema nini jengine?" Nikamjibu hakuna. Akashusha pumzi, akenda kutia udhu.

Huruma ilinijia baadaye, si siku ile. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika skuli moja ya Chake Chake, na ualimu umenizoesha kucheka kwanza, kuelewa baadaye.

Ndoto yenyewe alinisimulia kipande kipande, kama mtu anayetoa mwiba. Yumo katika ukumbi wa Bunge kule Dodoma, kwenye meza yake ndogo ya kuandikia. Lakini viti havina wabunge. Wamekaa watu wa Pujini: marehemu mama yake anapeta mchele, jirani yetu Bi Ummi na mbuzi wake wawili, mwalimu wake wa chuo cha Kurani mwenye bakora. Maji ya bahari yamejaa sakafuni mpaka kifundoni, maji safi ya uvuguvugu, na karatasi zinaelea juu yake polepole. Spika haonekani uso, inasikika sauti tu: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Watu wote wanageuka kumtazama yeye. Anafungua kinywa, hakitoki kitu. "Wasioafiki waseme siyo." Anafungua tena, hakitoki kitu. Mama yake ameacha kupeta. Maji yametulia. Sauti inangoja, na inangoja.

"Sasa nfanyeje?" aliniambia. "Naahirisha mwenyewe, niokoke."

Na kila mchana ndoto ilirudi, tangu alipostaafu mwaka uliopita na kurudi kwetu kuishi nami katika nyumba ya babu.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Ana miaka sitini na moja, ni mrefu na mkavu, na hata akiwa amekaa bure vidole vyake hupigapiga mapajani. Mgeni hudhani ana wasiwasi. Anachapa. Unavyozungumza naye, anakuandika. Kwa miaka thelathini na miwili ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwanza Dar es Salaam, kisha Dodoma: mwandishi wa Taarifa Rasmi za Bunge, hizo ambazo wenyewe huziita Hansadi. Kila linalosemwa mle ndani huandikwa na kuhifadhiwa. Mbunge akisimama, anaandikwa. Mwenzake akimkatiza kwa "Taarifa, Mheshimiwa Spika!", naye anaandikwa. Wakipiga meza kwa furaha, mwandishi hutia kwenye mabano: makofi. Wakicheka: kicheko.

"Na wakinyamaza?" nilimuuliza siku moja.

"Kimya hakiandikwi," akasema. "Asiyesema hayumo."

Aliyasema kwa utulivu, lakini mimi najua yalikotoka. Ukoo mzima unajua, ingawa hakuna anayeyataja. Akiwa na miaka kumi na minane aliposwa na mfanyabiashara wa nguo wa Wete, jina lake Jaribu, na Mungu anisamehe, jina lilimfaa. Babu akaridhika. Siku ya akdi akamtuma baba yangu, Khatib, kaka pekee wa shangazi, aende mlangoni na mashahidi akamuulize mwali kama amekubali. Baba aliuliza mara tatu. Ndani hapakutoka neno. Kwa mwali, kimya chake huhesabiwa idhini. Ni sitara aliyowekewa mwenye haya asilazimike kutamka. Baba akarudi barazani akasema, "Kanyamaza, alhamdulillahi." Vigelegele vikapigwa, sinia za pilau zikapita.

Kumbe shangazi alikuwa na neno. Alikuwa nalo kooni, analia nalo, na neno lenyewe lilikuwa "sitaki". Halikutoka.

Akakaa na Jaribu miaka minne. Sitaieleza, kwa kuwa yeye mwenyewe haielezi. Talaka ilikuja ndani ya bahasha, pamoja na sanduku lake la nguo, na hawakuwa na mtoto. Akavuka kwenda kwa binamu yake Dar es Salaam, akasoma uhazili, akajua kuchapa kwa kasi kuliko wenzake wote darasani, na ndivyo alivyopata kazi ya kuandika maneno ya watu wengine. Nadhani hakuona ajabu. Ya kwake yalishamshinda.

Wiki ya kwanza kazini alifanya kichekesho ambacho wafanyakazi wenziwe hawakukisahau. Alikuwa anasikiliza mkanda, na sauti ya Spika ikasema kwa uchovu, "Akidi haijatimia, naahirisha kikao." Sasa sisi Wapemba akdi tunaijua moja tu, ya ndoa. Shangazi akachapa, "Akdi haijatimia," akasimamisha mkanda, akamwendea msimamizi wake, mama mmoja wa Kondoa, akamuuliza kwa huruma ya kweli: "Bi mkubwa, nani aliyekuwa akioa humo ndani? Na imeharibika kwa nini?"

Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamkalisha, akamfunza. Akidi ni idadi ya watu wanaotakiwa wawemo ndipo uamuzi ufanyike. Kwa Bunge ni nusu ya wabunge wote. Wakipungua, hata wakiamua, hawakuamua. Karatasi ikasahihishwa kabla haijatoka mezani, lakini jina la Bi Akdi likamganda shangazi miaka yote.

Aliponisimulia hayo nilicheka mimi. Yeye alitazama nje, mikungu ya migomba ikitikisika.

"Jioni ile nlikaa nkafikiri," akasema. "Kwenye akdi yangu walikuwepo wote. Wazee, mashahidi, wapishi, hata watoto wa Pujini yote. Hapakukosekana ila ntu mmoja, na hapana aliyehesabu."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Ndivyo nilivyomkuta shangazi: mtu aliyejua kila neno ambalo nchi hujiamulia kwalo mambo yake, na asiye na la kwake. Ndipo akaja Bwana Moosa.

Bwana Moosa ni mjane wa miaka kama sitini na mitano, wa ukoo wa Kimanga, wenye asili ya Omani, ambao zamani ulikuwa na mikarafuu kilima kizima. Sasa ana michache tu, na mizinga kumi na miwili ya nyuki upande wa magofu ya ngome ya kale, na redio ndogo ambayo huifunga kwenye usukani wa baiskeli yake. Bunge likiwa linakaa, husikiliza tangu asubuhi. Nyuki wake, nadhani, wanaijua siasa kuliko wanafunzi wangu.

Siku moja baada ya sala ya alasiri akapiga hodi barazani, chupa ya asali mkononi.

"Bi Mardhiya, samahani. Nna neno moja tu. Muswada ni nini?"

Shangazi alikuwa anachambua choroko. Hakuinua macho. "Ni sheria ambayo haijawa sheria, Bwana Moosa. Mfano wa nguo iliyokatwa, haijashonwa. Husomwa Bungeni mara ya kwanza, jina tu, watu wajue ipo. Ikapelekwa kwenye kamati, wachache wakakaa nayo, wakaipima, wakaifumua panapobana. Ikasomwa mara ya pili, hapo wakaijadili wote. Ikipita, mara ya tatu. Halafu hwenda kwa Rais kutiwa saini."

"Na asipotia?"

"Basi ni karatasi. Hiyo saini ndiyo idhini. Bila ya idhini hapana sheria, hata walioipitisha wawe elfu."

Bwana Moosa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanywa kahawa kikombe kimoja, akaaga. Baada ya siku mbili akarudi.

"Nna neno moja tu. Hoja?"

"Jambo unalolileta mbele ya wenzio ukitaka liamuliwe. Lakini lazima ntu mwengine aliunge mkono. Ukisimama nalo peke yako, linakufa hapo hapo."

"Masikini," akasema Bwana Moosa, akiihurumia hoja. Akafikiri kidogo. "Na hoja binafsi?"

"Hiyo haikuletwa na serikali. Ntu mwenyewe kaitoa kifuani mwake."

Bwana Moosa alikitazama kikombe chake, kisha akauliza kama kuna kahawa nyengine.

Ikawa desturi. Neno moja kwa siku moja, kila baada ya siku mbili tatu. Mwongozo wa Spika: mbunge hajui utaratibu unasemaje, husimama akaomba aongozwe. Kanuni: sheria za Bunge lenyewe, za namna ya kusema na kunyamaza. Kura ya wazi, kura ya siri. Mimi nilikaa pembeni na madaftari yangu, maana haikufaa wawili wale wakae peke yao, na kwa kweli nilifaidika. Kitabu changu cha Uraia kinaeleza muswada kwa mistari kumi na mmoja, na ukimaliza kuisoma umesahau ulichokuwa unakitafuta. Nilipowaambia wanafunzi habari ya nguo iliyokatwa haijashonwa, hata wale wa nyuma waliinua vichwa.

Kuna alasiri nilijisahau kabisa. Karafuu zilikuwa zimeanikwa njiani, harufu yake imeingia hata kwenye nguo, jua limelegea, na maneno yale ya Dodoma yakipita barazani kwetu polepole: kiti, kamati, mjadala, kuafiki. Nyuki mmoja aliyemfuata Bwana Moosa kutoka shambani akazunguka juu ya chupa ya asali, akatua, akaruka, akarudi. Shangazi alikuwa anaeleza kitu kuhusu kura na Bwana Moosa alikuwa hasikilizi, anamtazama tu anavyoeleza. Na shangazi alikuwa amevaa kanga mpya siku ya tatu mfululizo. Niliyaona yote hayo kama mtu aliyelala macho wazi, na nilipozinduka nilikuwa nimemtia mwanafunzi mmoja alama mara mbili.

Kisha Jumamosi moja Bwana Moosa akaja bila ya neno. Akakaa, akanywa kahawa, akasifu mvua ambayo haikunyesha, akaondoka.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Bi Ummi akasema kutoka ng'ambo ya ua wake wa makuti. Bi Ummi hasikilizi mazungumzo ya watu. Yanamfikia tu.

Mshindo ulikuja Jumatatu. Bwana Moosa alikuwa amekwenda Chake Chake, kwa baba yangu, pamoja na wazee wawili, kupeleka posa kama inavyotakiwa. Baba akakubali palepale, kabla chai haijapoa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia baba yangu? Alikuja Pujini ana furaha ya harusi usoni.

"Mardhiya, Mungu kakuletea ntu. Nshakubali. Akdi Ijumaa, inshaallah."

Vidole vya shangazi vikasimama mapajani. Alimtazama kaka yake kama anayetazama meli inayopita mbali. Hakusema kitu.

"Alhamdulillahi," akasema baba, akanywa maji, akaondoka.

Nilimfuata shangazi jikoni nikiwa na hasira ya kuvunja sahani. "Shangazi! Unamtaka au humtaki?"

"Hapana aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

"Weye huoi," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Siku nne zile sikulala vyema. Niliogopa, nasema kweli. Sikuogopa kwamba ataolewa na mtu mbaya, kwa kuwa Bwana Moosa si mtu mbaya. Niliogopa kwamba atakaa tena nyuma ya mlango, na neno lake, liwe lipi, litabaki tena kooni, na safari hii hana miaka arubaini mingine ya kulingojea litoke. Kila nikimgusia ananiambia, "Ntasema." Kila mchana nikimsikia, kupitia dirishani, anaahirisha.

Ijumaa hakulala mchana. Nilimfukiza udi, nikamvisha baibui jipya, nikamtia hina vidoleni ingawa alininung'unikia. Wanaume walikuwa msikitini, Bwana Moosa miongoni mwao, na halwa ilikuwa imeshafika. Baada ya sala ya alasiri Shehe Abdulsamad akaja nyumbani na baba na mashahidi wawili, wakasimama nje ya mlango wa chumba. Pazia lilikuwa baina yetu. Nilikuwa nimemshika shangazi mkono.

"Bi Mardhiya binti Hamad," Shehe akasema, sauti yake ya upole. "Umeposwa na Bwana Moosa kwa mahari yanayojulikana. Je, umeridhia, na unampa kaka yako idhini akuozeshe?"

Kimya.

Ng'ambo ya ua nilisikia hata Bi Ummi ameacha kutwanga. Shangazi akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Kanyamaza, Shehe," akasema baba yangu. "Alhamdu…"

"Ngoja, Khatib. Huyu si mwali, keshawahi kuolewa. Kimya chake hakitoshi. Lazima atamke."

"Ni haya tu, Shehe. Huyu tangu utotoni…"

"Siyo."

Sauti ilikuwa nzito, imeparuza, sauti ya mlango uliokaa miaka bila ya kufunguliwa. Nilidhani kuna mtu mwengine chumbani.

"Nimesema siyo," shangazi akarudia, safari hii sawasawa, kama anayesoma. "Iandikwe hivyo."

Kisha Shehe Abdulsamad, Mungu amjaalie, akasema, "Nimekusikia, mama. Umejibu, na jibu ni haki yako." Akawachukua mashahidi wakaondoka.

Baba alibaki. Nilipofungua pazia nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, kofia mkononi, mzee ghafla. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Hakugomba.

"Siku ile ya Jaribu ulikuwa ukilia," akamwambia dada yake. "Nlikusikia."

"Nnajua."

"Nkawambia ni haya. Nkajiambia na nafsi yangu ni haya."

Shangazi alikwenda kwenye mtungi, akachota maji, akampa, na baba akayanywa yote. Sikuwahi kumwona baba yangu hivyo, na hasira yangu yote ikaniponyoka nikabaki na simanzi tupu.

Habari za msikitini tulizipata kwa Shehe mwenyewe baadaye. Alipompa Bwana Moosa jibu, Bwana Moosa aliuliza kitu kimoja tu: "Kasema mwenyewe?" Akaambiwa ndiyo, mwenyewe, mara mbili. Akasema alhamdulillahi, akapanda baiskeli. Redio hakuiwasha.

Mji ulisema yake. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema Bara imemharibu, wengine walisema mwanamke wa miaka sitini anaringa na nini. Niliwajibu wawili watatu majibu ambayo mwalimu hapaswi kuyatoa. Halwa tuliila wenyewe siku tatu, na Mungu anisamehe tena, ilikuwa nzuri sana. Jumamosi mchana shangazi alilala, nami nikakaa chini ya dirisha makusudi nimsikilize. Alilala hadi alasiri, hakuahirisha kitu.

Siku ya nne, wakati wake ule ule, Bwana Moosa akapiga hodi.

Hakuwa na asali. Hakupanda barazani, alisimama chini, baiskeli ameishika, kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Shangazi alikuwa na ungo wa choroko mapajani. Mimi nilijificha nyuma ya daftari la kwanza nililolipata.

"Bi Mardhiya. Nna neno moja. Kuna siku nlilisikia kwenye redio, sikuwahi kukuuliza. Kushika shilingi ni nini?"

Shangazi akaeleza, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. "Wakati wa bajeti, mbunge asiporidhika na maelezo ya waziri, husimama akataka shilingi moja iondolewe kwenye mshahara wa waziri. Shilingi moja tu, na bajeti yote ya wizara husimama hapo. Waziri lazima anyanyuke aeleze. Akieleza vyema, mbunge humrejeshea."

"Kwa hivyo yeye shilingi haitaki."

"Ataifanyia nini? Ataka maelezo."

Bwana Moosa akaipigapiga kengele ya baiskeli kwa kidole bila ya kuiliza. "Basi miye nshashikiwa," akasema. "Na maelezo sijui nitoe yepi. Nambie."

Ungo ukawekwa chini.

"Muswada ulikuja ukaniuliza miye. Hoja ukaniuliza miye. Hata mwongozo, ambao hapana asiyeujua, ulitoka shamba na jua lote lile ukaja kuniuliza miye. Neno kubwa kuliko yote, ukenda kumuuliza Khatib."

"Ndiyo desturi, Bi Mardhiya."

"Desturi naijua. Khatib ndiye walii wangu, na bila yake hapana ndoa. Lakini afuate. Asitangulie."

Bwana Moosa alivua kofia, akaikunjakunja, akaivaa upande si wake. "Nliogopa," akasema. "Nlisema nkikuuliza mwenyewe utasema siyo."

"Na nkasema."

"Na ukasema," akakubali, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokutana njiani na mvua.

Kisha akaiegemeza baiskeli kwenye mpapai. Akapanda ngazi moja ya baraza, akasimama hapo.

"Basi nakuuliza weye. Bi Mardhiya, utakubali nikuoe?"

Jua lilikuwa limetandika njia yote rangi ya samli, na kila kitu kilikuwa mbali, hata mkono wangu mwenyewe juu ya daftari. Shangazi alifungua kinywa, akakifunga. Na hapo, ewe msomaji, nusura nijibu mimi. Neno lilinifika mpaka menoni. Nilimpenda, nilimwonea uchungu, nilikuwa najua jibu lake, basi kwa nini nisimsaidie? Ndipo nilipomwelewa baba yangu, na babu yangu kaburini, na nyumba yetu nzima. Nikaiuma kalamu mpaka wino ukaniingia kinywani.

"Ndiyo," shangazi akasema.

"Sikusikia vyema," akasema Bwana Moosa. Wallahi alisikia.

"Ndiyo!"

Ng'ambo ya ua Bi Ummi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Chake Chake kabla ya simu yoyote. Mimi nilikuwa nalia na kufutia machozi daftari la mwanafunzi wa watu, lenye wino mwekundu, likawa halisomeki tena. Shangazi alikuwa amekaa wima, mikono imetulia mapajani, anatazama mbele kama mtu aliyeshuka safari ndefu na hajui bado aketi wapi.

Baadaye akanigeukia.

"Khairat, mpigie baba'ko. Mwambie aje, nna habari ya kumpa."